Kambare Mweupe Ndani ya Birika

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani wa serikali hapa Amu, mtu mwepesi wa kuiga. Uhuru ulipokuja na mkubwa wake wa Kizungu akafunga virago, makarani wenzake waligawana viti na makabati. Yeye alirudi mtaani kwetu Langoni na tangi la kioo la kufugia samaki, limebebwa na mahamali wawili, naye mbele akifukuza watu njiani.

Tangi halikuwa na kitu ndani. Mwenzake wa ofisini, mtu wa bara aliyekwenda Mto Tana mara kwa mara kikazi, ndiye aliyemletea kambare kwa debe. Tena si kambare huyu mweusi anayejulikana. Alikuwa mweupe pepepe, macho mekundu, sharubu nane. Mume wangu alimwita "Bwana". Mimi na binti yetu alituita "nyinyi".

Jioni alialika watu waje kutazama. Kambare hapendi mwangaza, kwa hiyo alijificha nyuma ya kigae cha mtungi alichowekewa tangini, na watu wazima, na ndevu zao, wakakaa na vikombe vya kahawa kukodolea macho maji matupu. "Subirini, atatoka," mume wangu aliwaambia. Hakutoka. Wageni walisifu hivyo hivyo, kwa adabu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kesho yake Bwana akaanza kula maini na kuletewa maji matamu kwa punda. Sisi tuliendelea na ya kisima, yenye chumvi.

Siku hizo binti yetu, mwenye miaka mitatu, alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa kwa malaria. Dresa, mwuguzi aliyemtibu, alinionya mimi, maana baba yake hakufika: mbu wasimguse, homa nyingine kali kama ile haitamwacha salama.

Asubuhi moja kioo kikapata ufa. Mume wangu akamchukua kambare wake akamtia ndani ya birika la chooni. Nyumba zetu zina birika la maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake hukaa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Vyetu tulivikuta tulipohamia. Hakuna aliyewahi kualikwa kuvitazama.

"Na visamaki je?" nilimuuliza.

"Weye huyui kitu," alijibu. "Huyu mkubwa atakula wadudu zaidi kuliko hivyo vidogo vyote."

Nilijua. Kabla ya kuugua, binti yetu alichota visamaki viwili kwa kikombe akavimwaga tangini, na asubuhi havikuwapo. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikayameza. Nilitaka aumbuke, na aumbuke mwenyewe, bila kupata la kusema kwamba mke alimsumbua. Nilimdharau kiasi hicho.

Zikapita siku chache, visamaki vikaisha. Zikapita wiki mbili, viluwiluwi vikawa vinajinyonganyonga juu ya maji. Kila asubuhi niliviona, na kila asubuhi nikangoja avione yeye. Hakuviona, kwa kuwa alipoinama birikani alikuwa akimtafuta Bwana wake. Mjinga, nilijisemea, na neno hilo lilikuwa tamu. Usiku nilimfunika mtoto kwa chandarua, nikajiona nimetimiza wajibu.

Homa ilimshika mwisho wa mwezi. Alilala hospitali siku kumi bila kutujua. Alipofumbua macho nilimwita jina lake, hakugeuka. Nikaliita kwa sauti. Dresa akapiga sahani ya bati nyuma ya kichwa chake, naye akaendelea kuchezea shuka.

Mume wangu alilia mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akamtoa kambare birikani kwa mikono yake akamuua, kisha akaja wodini akapiga magoti kando ya kitanda, karani mzima, akasema kosa ni lake peke yake, alikuwa hajui, nimsamehe.

Nikamwambia nimemsamehe.