Hatua Kumi na Tisa za Shangazi Eliza

Wiki iliyopita lori lilimwaga mchanga mbele ya duka langu hapa Tunduma, mchanga mbichi wa mtoni, bado unachuruzika maji. Harufu yake iliponifikia niliacha kumpimia mteja sukari, nikasimama tu. Nilikuwa nimerudi Mbozi, nina miaka tisa, nimejibanza kwenye ukuta wa banda la kahawa, natega sikio.

Shangazi Eliza, dada yake baba, alirudi nyumbani mwaka ule. Picha yake ilikuwa sebuleni kwa bibi: amevaa jezi ya taifa, yuko hewani, miguu mbele, uso umetulia kama wa mtu aliyelala. Mchezo wake ulikuwa kuruka chini, ule wa kukimbia na kutua kwenye mchanga, na alikuwa ameruka katika nchi ambazo bibi alishindwa kuzitamka. Alirudi na begi moja, akasema amestaafu. Hakueleza zaidi. Lakini nyuma ya mibuni alichimba shimo, akalijaza mchanga wa mtoni, na mbele yake akapachika ardhini ubao mweupe wa kurukia.

Kila alfajiri, kabla sijaenda shule, nilimsikia. Ukungu wa kwetu ukishuka huoni hata mkono wako, kwa hiyo nilitumia masikio. Hatua zilianza mbali, polepole, zikaja zikiongeza kasi mpaka nikazihisi ardhini. Nilizihesabu: kumi na tisa. Kisha kimya. Nilingoja mshindo wa mtu anayetua, nao haukuja. Ukungu ulipopungua nilikwenda kutazama. Nyayo zilifika kwenye ubao, zikaishia hapo, na mchanga ulikuwa laini, haujaguswa hata na kuku. Nikaingia jikoni nikamkuta shangazi anakoleza moto.

"Umeamka mapema, mama," aliniambia.

Nilivumilia wiki nzima, halafu nikamnong'oneza rafiki yangu Sikitu kwamba shangazi akiruka hatui. Kufika Ijumaa, shule nzima ilijua. Siku chache baadaye mtoto wa jirani akafa kwa homa, na wanawake kisimani wakaacha kuitikia salamu za shangazi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi na watu kama ishirini, ukungu bado umetanda. Alikuwa mtu mpole.

"Binti, watoto wanasema unaruka na hutui. Unakwenda wapi?"

"Simameni pale kwenye ubao mtazame," shangazi alijibu, akapotelea kwenye weupe.

Tulisimama. Hatua zikaja. Akatokea ghafla, mkubwa kuliko nilivyomjua, mguu wa kushoto ukakanyaga ubao, na hapo akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye mchanga kama ya mtu aliyesimama juu ya kaburi.

"Ninaishia hapa," alisema. "Tangu goti livunjike kule nilikokwenda kushindana, kila siku nakimbia na kila siku naishia hapa." Akatoka kupitia majani ya pembeni, kama bila shaka alivyokuwa akifanya kila asubuhi.

Baadhi ya watu waliinamisha vichwa. Lakini mama mmoja alisema, "Hajaruka kwa sababu tunamtazama."

Balozi akauliza, "Kuna mtoto aliyeona kwa macho yake?"

Nilikuwa nimeshika khanga ya bibi. Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimesikia kimya tu. Sikusema. Shangazi alitutazama watoto mmoja mmoja. Akanifikia, akapita.

Siku ya tatu aliondoka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na hakurudi tena kuishi kwetu.

Nilipokuwa mtu mzima nilivuka kumtembelea, nikakiri.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Kupitia dirisha la jiko nilikuwa nakuona ukichungulia shimoni."

"Mbona hukunitaja?"

"Walikuwa wametoka kuzika mtoto. Walikuwa wanatafuta mtu." Akanimiminia chai.

Miaka mingi nilidhani kitu cha kutisha katika ukungu ule kilikuwa mtu anayepaa asishuke. Siku hizi ninachokiona nikifumba macho ni jinsi zile nyuso ishirini zilivyogeuka taratibu, balozi alipouliza, kututazama sisi watoto. Shangazi aliziona kabla yangu. Ndiyo maana macho yake yalinipita upesi vile, kana kwamba hanijui.