Boliti ya Mkiani

Kaka yangu hupaka mawese kila kitu kinachozunguka. Ni fundi wa maboti ya mbao Ujiji, na maboti yake ni mazuri, hilo simnyimi. Usukani ukilia, mawese. Bawaba ya mlango ikilia, mawese. Tulipojenga ndege yetu ndogo nyuma ya karakana yangu ya pikipiki huko Rusimbi, nayo akaipaka mawese.

Ndege ile ilitegemea kibao kimoja cha mkiani kupanda na kushuka. Kibao kilisukumwa na bomba refu kutoka kwenye mkono wa usukani, na kila kiungo kilikuwa boliti iliyopita kwenye tundu tupu. Mawese yalinasa vumbi jekundu la Rusimbi, yakawa uji wa kusagia chuma. Tulikuwa hata hatujaruka, tunaikimbiza chini tu, na tayari tundu la mkiani lilikuwa limetanuka kama yai. Ukikishika kibao kwa mkono, kinacheza huku na huku, bomba halina habari.

Nilimwambia tuweke bushi za shaba, vile vipete vya kuvika ndani ya tundu, boliti isiyo na nyuzi pale inapozungukia, washa nyembamba pande zote mbili, kisha grisi kidogo na kifuniko cha ngozi vumbi lisiingie. Bushi nilikuwa nimeshazichonga. Alizipokea, akazirusharusha kiganjani, akacheka mbele ya vijana wa kijiweni. Akasema usukani wa boti unalegea miaka nenda rudi na watu wanafika Kongo na kurejea. Ni kweli, lakini boti likikosa usukani linaelea. Nilipolisema hilo, aliwageukia wale vijana.

"Mdogo wangu mwoga. Mwacheni ashike spana, ndiyo kazi anayoiweza."

Injini niliifunga mimi. Mabomba niliyachomelea mimi. Lakini Ujiji nzima ndege ilikuwa ya kaka, na baba mkwe wangu mwenyewe aliniuliza kama siku hizi nimekuwa saidia fundi. Kuanzia hapo nilimtakia aibu, na nilimtakia mbele za watu.

Siku ya kuruka aliipanga kama siku ya kushusha boti jipya ziwani: Ijumaa baada ya swala, dua, masufuria ya ubwabwa, na mama yetu ameketishwa mbele kabisa. Asubuhi nilimwambia mara ya mwisho kwamba kiungo cha mkiani kitamwangusha. Akanituma maji ya kunawa wageni. Nikaleta maji.

Watu walipokuwa wanakula, nilizunguka nyuma ya ndege, nikaichomoa boliti, nikaitia mfukoni. Sikuwa na wasiwasi kwamba angeruka hivyo hivyo. Namjua kaka yangu. Kabla ya lolote lazima auchezeshe mkia watu waone.

Alipanda, akavaa miwani ya jua, akawasha injini, akapunga mkono. Kisha akavuta usukani. Kibao kikabaki kimelala kama sikio la mbuzi mgonjwa. Akavuta tena. Wa kwanza kucheka walikuwa watoto, wakafuata akina mama wa kwenye masufuria, halafu vijana wake wa kijiweni. Nilimwacha avute. Sijawahi kusikia kicheko kitamu kama kile.

Alipozima injini nilimwendea mama, nikaiweka boliti mkononi mwake, nikamwambia nimeitoa mkiani. Ilikuwa imelika katikati hadi imepata kiuno. Aliipapasa kwa kidole gumba.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "umemwokoa ndugu yako."

Watu wakaanza kunishika mkono na kunishukuru, na mimi nikawaacha wanishukuru. Kaka aliteremka, akanisogelea karibu sana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilifanya vile ili asife.

"Nilifanya ili uchekwe, kaka," nikamjibu. "Kama ungekufa, aibu yako ungeiona lini?"

Jumatatu alikuja karakana mwenyewe bila kuitwa, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie. Nilitanua matundu yote kwa usawa, nikagonga bushi zangu za shaba, nikafunga boliti mpya. Sasa mkia hauchezi hata kidogo. Kazi ile ilichukua siku nzima, vijana wa kijiweni wakitutazama, na muda wote kaka ndiye aliyenishikia spana.