Masikio ya Fundi Osewe

Watu wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, wana imani moja ambayo hawakufundishwa na mchungaji yeyote: gari kuukuu halinunuliwi kwa macho. Macho ni ya rangi na viti. Mwenye akili zake alimtafuta fundi Osewe, akamnywesha chai, akaenda naye mpaka gari lilipo ili akalisikilize. Na Osewe alilisikiliza kweli. Aliamuru watu wote wanyamaze, hata mwenye mali, akachomoa bisibisi yake ndefu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma na mpini akauweka sikioni, kisha akafumba macho. Hapo hata anayekohoa alienda kukohoa mbali. Baada ya dakika mbili tatu alifumbua macho akasema "Chukua" au "Twende zetu," na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini, maana alishawafundisha wote kwamba gari bovu lazima liongee.

Kazi hiyo ilimlisha miaka ishirini na mbili. Alioa Apiyo kwayo, akamsomesha binti yao Bridgit mpaka kidato cha nne. Ubaya ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa amebanana kati ya mchomeleaji mwenye mashine ya kukata chuma na mnyoosha bodi ambaye nyundo kwake ilikuwa kama pumzi. Sikio la kulia lilianza kufa taratibu, naye akasema ni nta. La kushoto likalifuata Kwaresima ya mwaka jana. Siku hiyo aliweka bisibisi sikioni akadhani injini imezimika. Alipofumbua macho aliuona mkanda wa feni ukizunguka kama kawaida, na mwenye gari akimtazama kwa heshima, akingoja neno.

Akasema, "Chukua."

Angesema nini? Mtu anayekula kwa masikio hawezi kuamka asubuhi akatangaza kwamba masikio yamekwenda. Kwa hiyo alinyamaza. Akajifunza kusoma midomo. Kanisani akasimama waliposimama wengine, vibandani akacheka walipocheka wengine. Apiyo aliona mume wake ameota kiburi. "Siku hizi unanijibu ukipenda," alimwambia, na kwa bahati mbaya alimwambia akiwa amempa mgongo, akikoroga ugali, kwa hiyo hata hilo halikujibiwa.

Magari yaliendelea kuletwa. Osewe alifumba macho vilevile, akahesabu mpaka mia moja, halafu akamtazama muuzaji usoni. Uso ukiwa na wasiwasi, "Twende zetu." Uso ukiwa umetulia, "Chukua." Mungu alimvumilia kwa mara kadhaa. Kisha Wekulo, fundi wa mabomba, akanunua gari dogo la kijani kwa neno lake, na wiki ya tatu injini ikafia njiani kabla hajafika Naivasha. Wekulo alilaumu petroli. Mpaka leo akikutana na Osewe humpa mkono kwa mikono miwili, na Osewe hutamani ardhi immeze.

Hapo ndipo alipokuja Celine.

Celine alikuwa mjane wa mwaka mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na fidia ya mumewe aliyeangukiwa na jukwaa la ujenzi ilikuwa imetoka wiki hiyo. Alitaka pikapu ajichukulie magunia ya omena mwenyewe na kuwasambazia wenzake, badala ya kununua kwa debe kutoka kwa watu wenye magari. Hesabu zake zilikuwa sawa kabisa. Ila pesa ilikuwa hiyo moja tu, isiyo na mdogo wake.

"Nyar Alego, tafuta fundi mwingine," Osewe alimwambia, akimwita kwa kwao kama alivyozoea. "Mimi siku hizi nina kazi mingi."

"Mwingine nani, Baba Bridgit? Hii ni damu ya bwanangu. Ikipotea, mimi na watoto ni kurudi nyumbani kulimia shemeji. Bila masikio yako sinunui."

Palepale angesema. Maneno yalikuwa mafupi, hayakuzidi matatu, lakini aibu ilimshinda. Akakubali, huku akijiapia jambo moja: safari hii hatahesabu mpaka mia wala kutazama uso wa mtu. Kila kilichobaki mwilini mwake chenye uwezo wa kujua gari, atakitumia.

Pikapu ilikuwa Kawangware, sehemu ya Kongo, kwenye uwanja mdogo wa dalali aitwaye Ndegwa, uliozungushiwa mabati. Ndegwa alikuwa mtu wa tabasamu na shati lililopigwa pasi.

"Niaje fundi! Mama, karibu. Hii ni ya mwenyewe kabisa, si ya kuokota. Kuna msee anakuja saa nane na pesa mkononi, lakini nimewashikia nyinyi."

Osewe alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti, maana dalali mjanja huipasha injini mapema ili ugonjwa wake wa kuwaka ikiwa baridi usionekane. Ilikuwa baridi. Akavuta kijiti cha oili, akainusa, haikuwa na harufu ya kuungua. Akafungua rejeta, maji safi. Injini ikawashwa, na moshi ukatoka mwembamba. Kisha akachomoa bisibisi kwa sababu Celine alikuwa anaisubiri, akafumba macho, na ndani ya kichwa chake hakukuwa na kitu isipokuwa mtetemo mdogo kwenye mfupa wa shavu. Alijisikia kama mwizi anayeombwa aongoze sala.

Wakazunguka mtaani mara moja, Ndegwa kwenye usukani, Celine katikati na Osewe dirishani. Celine alitega sikio njia nzima. Waliporudi uso wake ulikuwa unang'aa.

"Imetulia, Baba Bridgit! Haina hata kelele."

Osewe alichukua spana, akalala chali chini ya pikapu upande wa nyuma, kwenye difu, lile tumbo la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Zamani asingejisumbua. Difu iliyolika hulia njia nzima, na yeye angeisikia kabla ya kona ya kwanza. Sasa alifungua nati ya kujazia oili na kuingiza kidole.

Kilitoka na uji mzito, mweusi. Alipousugua kati ya vidole ulikwaruza. Aliupangusa kwenye kiganja, akaupeleka kwenye mwanga, akaona chembe ndogondogo zilizovimba. Akanusa. Chini ya harufu ya oili kulikuwa na harufu ya karakana ya seremala.

Unga wa mbao. Difu ilikuwa imekwisha, na mtu alikuwa ameishindilia unga wa mbao ili meno yasipige kelele. Hunyamaza hivyo wiki moja, pengine mbili ukiwa na bahati, halafu husagika na kukwama ghafla, na ikikwamia kwenye mteremko ukiwa na magunia nyuma, hapo tena ni wa kuombewa.

Osewe alitoka chini ya gari akiwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na furaha, kwa maana kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima ile alikuwa na jambo la kweli la kusema.

"Usinunue," alimwambia Celine, akimwonyesha kiganja. "Wameweka unga wa mbao kwa difu. Imekufa hii. Twende zetu."

Celine alikitazama kiganja. Aliona uchafu mweusi, kama ule unaokuwa mikononi mwa kila fundi.

"Wacha hizo, mzee," Ndegwa alisema, tabasamu likiwa palepale. "Oili ikizeeka inakuwa hivyo. Ni ya kubadilisha tu."

"Oili haiwi na mbao! Ngoja niwatolee nyingine muone."

Akainama tena nyuma ya gari, kidole kwenye tundu, akichimba kwa haraka. Alipogeuka na kiganja kilichojaa, alimkuta Ndegwa amesimama hatua moja nyuma yake, nyundo mkononi. Karatasi ya bati iliyokuwa ikining'inia ukutani, karibu kabisa na kichwa chake, bado ilikuwa inatikisika. Celine alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili. Kule langoni watu walikuwa wamesimama kutazama kuna nini.

Osewe alilitazama lile bati mpaka likatulia.

"Mama," Ndegwa alisema polepole, akihakikisha midomo yake inaonekana vizuri, "fundi wako ni kiziwi. Nimemwongelesha akiwa amenipa mgongo mara tatu. Huyu hasikii kitu."

Celine alimsogelea Osewe. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anaomba aambiwe ni uongo.

"Baba Bridgit. Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima ya mwaka jana."

"Na gari ya Wekulo?"

Osewe aliinamisha kichwa. Alipokiinua, hasira ilikuwa imeshafika usoni mwa Celine.

"Kwa hivyo leo umeweka hiyo bisibisi kwa sikio ukinidanganya. Mimi nimekuleta na damu ya bwanangu, na wewe umenifungia macho kama mtu anaomba!"

"Masikio nilidanganya. Lakini kidole hakidanganyi, Celine. Shika hii. Shika uone ilivyo na mchanga."

"Si wewe mwenyewe husema gari mbaya lazima iongee? Ulituambia hivyo sisi wote, miaka yote. Mimi ninayesikia nimesikiliza, na hii imenyamaza."

Osewe alijaribu kumweleza kwamba ndiyo sababu mbao huwekwa, ili gari linyamaze. Lakini Ndegwa alikuwa ameshamgusa Celine kiwiko, anamwonyesha saa, anamkumbusha yule wa saa nane. Wakaingia kwenye kibanda cha ofisi. Kupitia dirisha Osewe aliwaona wakiandikiana hati ya mauzo, na Celine akitoa bahasha kifuani.

Alipotoka alikuwa na ufunguo. Ndegwa ndiye angeendesha mpaka Kibera, kwa kuwa Celine alikuwa bado hajapata leseni. Osewe alisimama mbele ya mlango wa gari, viganja vyote viwili vimejaa ule uji mweusi, amevinyoosha kama mtu anayepokea ubani. Celine hakuvigusa. Alichomoa noti, ujira wake wote kama walivyopatana, bila kupunguza hata shilingi, akaikunja na kumtumbukizia kwenye mfuko wa shati.

"Ya kusikiliza," alisema, naye Osewe akayasoma maneno hayo midomoni mwake vizuri kabisa.

"Sitaki pesa yako! Mwambie afungue difu yote, hapa hapa, mbele ya watu. Nusu saa tu!"

Lakini Celine alikuwa ameshampa mgongo. Alipanda, mlango ukafungwa, kioo kikapandishwa. Osewe akaenda pembeni ya gari hatua kwa hatua, akigonga kioo kwa vifundo vya vidole na kukiachia alama nyeusi, akimweleza yote: mbao, mteremko, magunia, watoto. Celine alitazama mbele tu. Osewe aliendelea kusema hata gari lilipomwacha langoni, na hakujua kama alikuwa anapiga mayowe au ananong'ona.