Rupia Tatu kwa Marafiki Watatu

Mume wangu hakuwa mjinga. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuwasikia wajukuu wangu wakicheka kila ninapofika kwenye habari ya zile rupia. Wao wamezaliwa wakaikuta fedha inapita mikononi mwa watu kama jambo la siku zote. Sisi tuliiona ikiingia nchini, na iliingia pamoja na askari.

Huku Ugogo mali ilikuwa ng'ombe. Majembe ya chuma yalikuwa mali, chumvi nayo, na nguo za merikani. Mama mkwe wangu alisimulia jinsi misafara ya kutoka pwani ilivyompimia baba yake nguo, mkono baada ya mkono, kabla ya kuruhusiwa kuteka maji. Lakini vyote hivyo mtu alivitafuta ili mwisho wake avigeuze ng'ombe. Na ng'ombe hawawekwi pamoja. Mwenye akili aliwagawa: wawili kwa rafiki wa upande wa Haneti, mmoja kwa mjomba, wengine kwa mtu wa njia ya Kondoa. Anayekutunzia anakunywa maziwa, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au mvua ikigoma upande mmoja, hutabaki mikono mitupu. Kila mtu alikuwa na ng'ombe wa wenzake zizini kwake, na wake walikuwa kwa wenzake, na hakuna aliyesahau hata rangi ya mkia.

Wadachi, ndio Wajerumani, wakaleta kodi ya nyumba. Kila tembe, rupia tatu. Mbuzi hawataki, uwele hawataki, wanataka rupia. Asiyekuwa nazo huchukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye reli iliyokuwa ikija kutoka pwani. Wanaume wa kwetu walikwisha kwenda huko. Waliorudi walikuwa wanakohoa, na wengine hatukuwaona tena.

Mume wangu alijihami. Alimbebea mfanyabiashara mizigo hadi Kondoa, akarudi nyayo zimempasuka, na rupia tatu amezifunga kwenye pindo la shuka. Nilizishika. Zilikuwa ndogo, nzito, zina kichwa cha Mzungu mwenye masharubu. Nikamwuliza tuzifiche wapi, akanishangaa.

"Mama, mali yote uiweke nyumba moja? Moto ukiingia je?"

Akazigawa kama alivyogawa ng'ombe wake. Rupia moja kwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, moja kwa rafiki yake aliyetahiriwa naye, moja kwa rafiki yake wa Haneti. Mama mkwe akamsifu kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Mimi pia nilimsifu. Tungejuaje?

Mwaka ule mvua zilikuwa haba na ghala letu la uwele lilikuwa limebaki vumbi. Mtoto wetu ndiyo kwanza anatambaa. Jumbe alipopita akitangaza kwamba akida, mkusanya kodi wa Wadachi, yuko njiani, sikushtuka sana, maana niliwaza kwamba kodi yetu ipo. Tulichotaka ni mume wangu awepo nyumbani mvua ikianza, afyeke na kupanda. Bila mikono yake tusingekula, na mtoto yule asingefika mavuno mengine.

Tukaenda pamoja kwa jirani, mtoto mgongoni. Tulisalimiana vizuri, mbukwa kwa mbukwa, tukaulizana hali za mifugo. Mume wangu alipoitaja rupia, mwenzake akajibu bila wasiwasi wowote.

"Ile nilimlipa akida, ndugu yangu. Kwangu alianza kupita."

"Lakini ilikuwa yangu."

"Ni yako, nani amekataa? Ng'ombe wako ningemkamua, nikanywa, nawe ukapata ndama. Ile ningeikamua nini? Nikaitumia. Chukua mbuzi, tena ana mimba."

Hakuwa mwizi. Mbuzi mwenye mimba alikuwa malipo ya heshima kupita rupia yoyote, na wakati mwingine wowote tungeondoka tunacheka. Mume wangu alimpokea mbuzi kwa mikono miwili kama inavyopasa.

Yule wa pili alikuwa amenunulia chumvi na kaniki ya mkewe. Naye akatoa mbuzi. Wa Haneti hatukumkuta. Alikuwa amehamisha mifugo, wakiwemo ng'ombe wetu, kufuata malisho, na mkewe hakujua habari ya rupia.

Tukaswaga mbuzi wetu hadi dukani karibu na boma la Wadachi. Nikaona uwanja mzima umejaa mbuzi. Nchi nzima ilikuwa inauza siku ileile, kwa sababu ileile, na mnunuzi ni mmoja. Mwenye duka hakuinuka hata kwenye kiti chake. Kwa mbuzi wote wawili, na ile mimba bure, alitupa hela za shaba zisizofika rupia moja. Mume wangu alizihesabu kiganjani.

"Mbuzi hajapungua," aliniambia. "Jana alikuwa mbuzi na leo ni mbuzi. Kilichopungua ni nini?"

Mpaka leo nasikia wasomi wanalieleza jambo hilo, nami natamani wangekuwepo siku ile wamweleze yeye.

Akida alifika na askari wake asubuhi. Mume wangu akatoa zile hela. Akatoa jembe. Akataka kutoa ndama wa mtu tuliyekuwa tunamtunza zizini, nikamwona mkono wake unasita juu ya kamba, kisha akaiacha. Wakamfunga na wengine. Nilimshika akida miguu. Nililia nikasema maneno ambayo mwanamke hapaswi kuyasema mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe wangu akaja akapiga magoti karibu yangu, naye akayasema. Akida alitusubiri tunyamaze, halafu akaenda zake.

Siku ya pili yake yule rafiki wa Haneti akatokea, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, nimesikia njiani. Rupia yenu hii hapa, sikuigusa. Na hizi mbili ni zangu, nimeuza fahali. Twende."

Tulikimbia hadi bomani, tukipokezana mtoto. Karani alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwenye kanzu safi. Nikaziweka rupia tatu mezani nikamwomba mume wangu. Akaniuliza tembe letu liko wapi, akaandika, akazivuta rupia.

"Hizi ni za mwaka ujao," alisema. "Za mwaka huu mumeo anazilipa kwa mikono yake. Wameshaondoka kwenda relini."

"Chukua ya mwaka ujao na wa baada yake, bwana. Nirudishie mtu wangu."

"Mama, mimi mtu simwandiki. Kodi ni ya nyumba. Nyumba yako si imesimama?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananifundisha, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Rafiki wa mume wangu aliketi chini palepale, mbele ya meza, mtu mzima, akawa anafuta uso kwa shuka.

Tulirudi njia ileile, mimi na rafiki yake. Sikujua bado kwamba mume wangu hatarudi. Tulipofika, nilimpa mama mkwe mtoto, nikachukua jembe lake nikapanda juu ya tembe, kwenye paa lile bapa la udongo tulilolikandika pamoja mwaka nilioolewa. Nikaanza kulifukua.

"Mwanangu, utalala wapi?" mama mkwe alilia kutoka chini.

"Kwako, mama. Mwaka ujao wameshaula. Mwingine hawanikuti na nyumba ya kulipia."

Udongo ukawa unamwagika ndani, juu ya kitanda, juu ya mafiga yangu. Yule shemeji alisimama ananitazama, nikadhani atanikamata mkono. Aliivua shuka begani, akaikunja akaiweka juu ya jiwe, akapanda kunisaidia kung'oa boriti.