Gauni Langu la Italia

Mie ndiye niliyemtembeza yule kaka nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Mwananyamala, akiomba nguo za kuwapa yatima. Kwa kiherehere changu nikawa nawasuta majirani: "Toeni basi, nyie mna roho ngumu." Akaondoka na viroba vitatu, hatukumwona tena.

Wiki iliyofuata nikaopoa gauni la mtumba sokoni, kali kweli. Nikatinga nalo kwenye kikao cha harusi, nikijitapa kwamba belo limefunguliwa mbele yangu, mzigo wa Italia.

Jirani yangu Mama Zuhura akaninyanyua mkono taratibu, akachungulia kwapani.

"Hiki kiraka cha kanga nimekishona mwenyewe," akasema. "Kumbe yatima ni wewe?"