Mawe ya Kiseke Yaliitikia

Nikinusa dagaa walioanikwa juu ya jiwe lenye joto, mwili hunisisimka hadi leo, ndugu zangu. Msicheke. Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya niyapende mashairi.

Mama alizama ziwani akivuka kwenda Kamanga, ng'ambo ya pili. Hakuonekana, kwa hiyo tukazika gogo la mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi yetu. Tangu siku hiyo Bibi, aliyemzaa mama, hakusema tena. Alipika, akaanika dagaa, akaniagiza kwa mkono. Nyumba yetu ya Kiseke, chini ya mawe makubwa, ikaingiwa na kimya cha kutisha.

Shuleni tukapewa shairi la kughani. Mimi niliyachukia mashairi kama dawa ya minyoo. Mwalimu alitaka mmoja asome mishororo mitatu ya ubeti, anyamaze, wenzake waitikie kibwagizo: "Ziwa lamficha nani, mbona halimrudishi?" Nyumbani sikuwa na wa kuniitikia. Kila jioni nilipanda nyuma ya nyumba, nikayasomea mawe, nikajiitikia mwenyewe.

Jioni moja upepo ulikoma ghafla, harufu ya dagaa ikazidi. Nilimaliza mshororo wa tatu, nikavuta pumzi. Kabla sijafungua kinywa, jiwe likaitikia:

"Ziwa lamficha nani, mbona halimludishi?"

Ilikuwa sauti ya mama, na matamshi yake yale yale ya Kisukuma.

Tulikuwa tumeonywa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini hamu ya kumsikia mama ilishinda woga. Nikasoma ubeti wa pili polepole, nikilitunza kila neno, maana nilihisi nikikosea atanyamaza. Akaitikia.

"Mama, ni wewe?" nikauliza.

Aliitikia shairi tu, si maswali. Sikuthubutu kuchungulia nyuma ya jiwe, niliogopa nisimkute. Basi nikarudi kila jioni, nikamaliza kitabu kizima cha mashairi, naye akaitikia kila ubeti kwa kibwagizo kile kile.

Miaka ikapita. Bibi alipolemewa na ugonjwa, nilikaa kitandani pake nikamsomea ubeti ule, ili tu kimya kisitumalize. Nikafika mshororo wa tatu. Akiwa amefumba macho, akaitikia kwa sauti ya mama.

Ndipo nilipokumbuka dagaa wake walianikwa wapi: upande wa pili wa lile jiwe.

Nililia sana. Nilidhani marehemu ananifariji, kumbe alikuwa Bibi, na hakuwa na maneno mengine ya kumlilia mwanawe.

Sasa naye hayupo. Bado napanda na kitabu. Nikifika mshororo wa tatu, nanyamaza kidogo.