Siku Koti Langu Lilipofika Nairobi Bila Mimi

Cheka kwanza umalize, halafu nikueleze, kwa sababu aibu hii nimeishi nayo tangu miaka ya sabini, na hata kanisani kwetu Kebirigo wako watu wasiojua jina langu la ubatizo lakini wanajua niliteremshwa kwenye treni.

Shule niliacha darasa la pili. Nilicho nacho nimekipata kwa mgongo wangu, nilianza kwa kubeba ndizi kichwani hadi sokoni, baadaye nikawa nazipeleka Kisumu kwa lori la kukodi, na kufikia wakati huo nilikuwa na duka lililojengwa kwa mawe na redio kubwa juu ya kaunta. Sijisifu (sawa, najisifu kidogo), nataka tu mjue kwamba pamoja na hayo yote mama mkwe wangu hakunitaka. Alitaka mwalimu. Ng'ombe wa mahari walipokelewa na mzee wake, yeye akanyamaza, na miaka ikapita hajaniomba kitu, hata kibiriti.

Sasa siku moja alikwenda Kisii mjini na mke wangu Kemunto kununua kitambaa kwa Mhindi, na ukutani mwa duka kulikuwa na kalenda yenye picha ya bembea kubwa, lile gurudumu linaloinua watu wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Akalitazama hadi kitambaa kikamaliza kukatwa. Akamwuliza Kemunto, "Mtu akiwa pale juu anaona hadi wapi?"

Kemunto akaniletea swali hilo jioni. Nikauliza watu, nikaambiwa gurudumu kama hilo limeletwa Nairobi, kwenye maonyesho ya kilimo. Nikasema basi, huyu mama nitampandisha mimi, wala si mwalimu. Tukampelekea habari, naye akakubali, na Kemunto akasema mama yake alicheka, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona tangu nioe. Tungeenda mapema lakini nilikuwa na ndizi zinazoiva, nikachelewa nazo, ikabaki siku ya mwisho ya maonyesho.

Kisumu stesheni nikasimama mbele ya karani. Treni nilikuwa naijua, lakini ile ya daraja la tatu, ya mabenchi ya mbao, na safari hii nilitaka daraja la pili.

"Mko wangapi?" akauliza karani.

"Mimi, mke wangu na mama yake."

"Basi nyinyi wanaume mna chumba chenu, na akina mama wana chao. Nitakuweka na..."

"Wewe," nikamwambia, "unaona mimi ni mtu wa kupakiwa na watu nisiowajua? Nipe chumba kizima, cha familia yangu."

Karani akanitazama, akatazama nyuma yangu alikokuwa amesimama mama mkwe na kikapu chake. "Una hakika, bwana?"

"Mimi nanunua, hunifundishi."

(Hapo ndipo nilipojimaliza. Yule karani alikuwa ananiokoa, nami nikaona ananidharau.)

Tukaingia. Chumba kizuri, viti vya ngozi, kioo, sinki ndogo. Nikavua koti langu jipya nikalitundika kwenye ndoano, tiketi zote tatu zikiwa mfukoni mwake. Pesa nilikuwa nimezifunga kiunoni, ndiyo desturi ya mtu wa biashara. Mama mkwe akakaa dirishani, uso kwa nje, mimi mlangoni, uso kwa nje, Kemunto katikati yetu kama ukuta, na mambo yalikuwa mazuri kabisa hadi mtumishi wa treni alipokuja na shuka.

Alikuwa kijana mchangamfu. Akavuta mgongo wa kiti, ukageuka kitanda. Akavuta wa ng'ambo, nao ukageuka kitanda. Akatandika, akapiga mto makofi, akasema, "Mama mzee atalala hapa chini, wewe bwana hapa juu yake, na mama kijana ng'ambo. Lala salama."

Ndugu zangu, huko kwetu mtu hampi mama mkwe mkono. Haingii nyumba aliyolala. Hata ngozi yake ya kulalia, ikianikwa juani, unapita ukiangalia upande mwingine. Na hapa kitanda chake nilikuwa nimekinunua mimi mwenyewe, na changu nikakiweka juu yake.

Mama mkwe alijifunika kitambaa kichwani hadi machoni. Nikasema naenda chooni, nikatoka bila koti, nikatembea behewa baada ya behewa hadi daraja la tatu, nikajibana kwenye benchi karibu na muuza ndizi mmoja wa Birongo niliyemfahamu.

Kabla ya Nakuru akaja mkaguzi. Tiketi? Nikamweleza iko kwenye koti, daraja la pili.

"Twende ukanionyeshe."

"Siwezi kufungua mlango ule. Mama mkwe amelala."

"Amelala chumba chako?"

Behewa zima likageuka ili lisikie. Yule wa Birongo akafunika mdomo kwa kofia.

"Basi lipa nauli, bwana, na faini, tumalize."

Nikamwambia mimi sijawahi kulipia kitu mara mbili na sitaanza na treni. Akaniuliza tena, kwa upole, nami tena nikakataa. Nakuru akaniteremsha, shati tupu, baridi ile ya Nakuru mnaijua, na koti langu likaendelea na safari.

Nilipata lori la mboga, likaharibika Naivasha, nikafika stesheni ya Nairobi jua limeshageuka. Walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi, bila senti, kwa sababu senti zilikuwa kiunoni mwangu. Koti lilikuwa mapajani mwa Kemunto. Akanivuta pembeni.

"Baba Moraa, ulikuwa wapi?"

Nikamweleza.

"Mama hakulala mle," akasema. "Ulipotoka tu naye alitoka. Amekaa kwenye korido juu ya kikapu chake hadi kukacha. Chumbani nilikuwa mimi na koti lako."

Tukakimbilia maonyesho. Lango lilikuwa wazi na hakuna aliyetuuliza kitu, watu walikuwa wanatoka. Gurudumu tuliliona kutoka mbali, limesimama, na mafundi wameanza kuvua viti vya chini. Niliwaonyesha pesa. Mmoja akacheka, akaendelea kufungua nati.

Mama mkwe alitazama juu kama alivyotazama kalenda. Kisha akasema, si kwangu, kwa binti yake, "Kwa hivyo hatutajua."

Kufika Kebirigo, yule wa Birongo alikuwa ameshatutangulia na hadithi yake. Hiyo niliistahimili. Mwaka uliofuata nikatuma neno kwamba gurudumu limerudi, safari hii twende kwa basi, mchana. Akajibu kwamba ameshazeeka kwa safari. Hakuniomba kitu kingine hadi tulipomzika.

Wajukuu wangu wameshapanda bembea kama hizo, wananivuta mkono, babu twende. Sipandi. Nitaona nini huko juu, na aliyeuliza hayupo? Ila tangu siku ile karani yeyote akiniambia, "Una hakika, bwana?" mimi humwambia hapana, hebu nieleze.